Uzi: Vikosi vilivyorusha Tornado, ndege ya kazi nyingi iliyogawiwa kazi mojamoja

Bawa Refu (mleta uzi):

Wakuu, salaam. Nyuzi za ndege vita huwa zinaishia palepale: mwendo, rada, na ubishi wa ipi ingeitungua ipi. Leo tuiweke hiyo pembeni. Nataka tuitazame Tornado kupitia vikosi vilivyoirusha. Iliuzwa kama ndege ya kila kazi, ila kwa miaka yake mingi ya mwanzo kikosi kimoja kilipewa kazi moja, cha jirani kikapewa nyingine, na kila mtu akakaa kwenye mstari wake. Hilo huwezi kuliona kwenye jedwali la vipimo.

Historia kwa kifupi ili tusonge. Kampuni ya Panavia iliundwa 1969 na Uingereza, Ujerumani Magharibi na Italia. Uholanzi ilikuwemo mwanzoni ikajitoa mapema. Mradi uliitwa MRCA, yaani ndege vita ya kazi nyingi, na jina la Tornado likaja baadaye. Iliruka mara ya kwanza 14 Agosti 1974 kutoka Manching, Bavaria. Watu wawili ndani, injini mbili za RB199, mabawa yanayosogea kutoka digrii 25 hadi 67. Hadi uzalishaji unafungwa 1998 zilikuwa zimetoka karibu 990. Nje ya nchi hizo tatu mnunuzi alikuwa mmoja tu, Saudi Arabia.

Kabla ya kikosi chochote kulikuwa na shule. Cottesmore, Uingereza, ilifunguliwa rasmi Januari 1981 na kufungwa 1999. Marubani na wanavigeta (wanaokaa kiti cha nyuma) wa nchi zote tatu walipitia hapo, na ndege za nchi zote tatu zilikaa mstari mmoja na kutumiwa na yeyote. Ilikuwa kawaida kabisa mwanafunzi wa Kijerumani aruke kwenye ndege ya Kiitaliano na mwalimu wa Kiingereza. Kumbuka wakati huo Vita Baridi bado imepamba moto, na nchi hizi zilikuwa zimepigana miaka chini ya 40 nyuma.

Sasa vikosi. Naanza na Waingereza kwa kuwa ndio walikuwa na vingi.

Kikosi cha IX kilikuwa cha kwanza duniani kuingia kazini na Tornado, Juni 1982, kambi ya Honington. Mwaka 1983 vikafuata 617 na 27 pale Marham. Baada ya hapo msafara ukahamia Ujerumani: Laarbruch ikapata XV, 16 na 20, Brüggen ikapata 31, 17, 14, na 1986 IX nayo ikahamia huko. Kwa hiyo katikati ya miaka ya 80 kambi mbili zilizo karibu na mpaka wa Uholanzi zilikuwa na vikosi saba vya Tornado.

Kazi yao? Kuruka chini kabisa usiku au kwenye mawingu, futi 200 juu ya ardhi, rada ya puani ikisoma vilima na ndege ikipanda na kushuka yenyewe. Mwisho wa safari kulikuwa na mzigo wa aina mbili. Wa kwanza ni bomu la nyuklia la WE.177, ambalo tushukuru halikutumika. Wa pili ni JP233, makasha mawili makubwa chini ya tumbo, kila moja likiwa na bomu ndogo 30 za kutoboa njia ya kurukia na mabomu ya kutegwa 215 ya kuwachelewesha mafundi wanaokuja kuziba mashimo. Ili uimwage vizuri lazima upite moja kwa moja juu ya uwanja wa ndege wa adui, chini, umenyooka, bila kukwepa. Wale vijana walifanya mazoezi ya jambo hilo kwa miaka.

Naendelea chini. Karibuni.

---

Kurunzi:

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu.

---

Swali Moja:

Mkuu, kikosi kimoja kina ndege ngapi? Nasoma Wajerumani walikuwa na "JaboG" (vikosi vyao vya mashambulizi) tano halafu Waingereza vikosi zaidi ya kumi, nashindwa kulinganisha.

---

Bawa Refu:

@Swali Moja ukilinganisha hivyo utapotea. Kwa Mwingereza, kikosi cha Tornado kilikuwa na ndege takriban 12 au zaidi kidogo, na vikosi kadhaa vilikaa kambi moja. Mjerumani anahesabu kwa ngazi ya juu zaidi: Geschwader yake ni kambi nzima yenye vikosi viwili vya kuruka ndani yake, na mafundi wake, na ulinzi wake. Muitaliano vilevile, Stormo ndiyo kubwa na Gruppo ndiyo inayolingana na kikosi cha Mwingereza. Kwa hiyo JaboG tano ni nguvu kubwa, usidanganywe na namba.

---

Mwewe wa Usiku:

Naomba niingie kwenye Wajerumani maana watu huwa wanaanza na Luftwaffe, yaani jeshi la anga, wakati walioanza ni wanamaji.

Kikosi cha kwanza cha Ujerumani kupokea Tornado kilikuwa MFG 1, jeshi la majini, kambi ya Jagel karibu na Schleswig, 1982. Walikuwa wanatoka kwenye F-104 Starfighter, ndege iliyowaua marubani wao wengi, kwa hiyo kupata mashine yenye injini mbili juu ya maji baridi ya Baltiki haikuwa jambo dogo. MFG 2 ya Eggebek ikafuata 1986. Kazi yao ilikuwa meli tu: Baltiki ni bahari nyembamba, na mpango ulikuwa kuzuia manowari za Mkataba wa Warsaw zisitoke. Silaha yao ni kombora la Kormoran.

Luftwaffe ikaja na JaboG 31 "Boelcke" Nörvenich 1983, kisha 32 Lechfeld, 33 Büchel, 34 Memmingen. Kulikuwa pia na JaboG 38 kule Jever. Hawa walikuwa wa kushambulia ardhini, na Büchel ikabeba jukumu la ziada ambalo inalo mpaka leo: bomu za nyuklia za B61 za Wamarekani.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka wanamaji ndio waliumia kwanza. MFG 1 ilivunjwa, na ndege zake pale Jagel zikawa msingi wa kikosi kipya cha upelelezi, AG 51 "Immelmann". Kambi ileile, mashine zilezile, rangi nyingine ubavuni. MFG 2 ilidumu hadi 2005.

---

Nanga:

Hapo kwa Immelmann umegusa penyewe. Hicho ndicho kilichoenda Mazar-i-Sharif 2007 hadi 2010, kupiga picha tu, bila kudondosha kitu.

Nawaongezea JaboG 32. Ile ilipewa toleo la ECR, lenye kombora la HARM linalofuata mawimbi ya rada mpaka kwenye antena. Mwaka 1995 Ujerumani ilipeleka Tornado Piacenza, Italia, kwa ajili ya Bosnia. Kwa Luftwaffe hizo zilikuwa safari za kwanza za kivita tangu 1945, na bungeni mjini Bonn palikuwa na mjadala mkali. Kisha 1999, Kosovo, zile ECR zikarusha HARM zaidi ya 200. Taifa lililokaa nusu karne bila kufyatua kitu angani, likafungua kwa namna hiyo.

---

Bawa Refu:

Asante Mwewe, asante Nanga. Mnaona mstari ninaoufuata? Wanamaji: meli. 32: rada. 51: picha. 33: nyuklia. Ndege ni moja, ila ukimtoa navigeta wa Eggebek ukamweka Lechfeld, unamfundisha upya karibu kazi nzima.

Waingereza nao vivyo hivyo. Vikosi vya II na 13 vilikuwa vya upelelezi, na toleo lao la GR1A lilitolewa mizinga yote miwili ya milimita 27 ili kupisha kamera za infraredi. Hazikutumia filamu, zilirekodi kwenye kanda ya video, na navigeta aliweza kuitazama picha akiwa bado angani. Mwaka 1991, Vita ya Ghuba, ndio walikuwa wakizunguka jangwa la magharibi mwa Iraq usiku wakitafuta magari ya kurushia makombora ya Scud. Wazo la kuacha filamu lilionekana la ajabu kwa wakati wake.

Kisha 12 na 617 wakahamia Lossiemouth, Scotland, kati ya 1993 na 1994, wakachukua nafasi ya ndege za Buccaneer na kombora la kuzamisha meli la Sea Eagle. Vikosi vya IX na 31 vikabobea kwenye kombora la ALARM. Hili lilikuwa na ujanja wake: rubani analirusha, linapanda juu sana, likikuta rada imezimwa linafungua parachuti na kuning'inia likisubiri mtu aiwashe tena.

Halafu kuna F3. Hiyo ilikuwa ndege ya ulinzi wa anga, ndefu zaidi kidogo, rada nyingine, kazi nyingine kabisa. Vikosi 29 na 5 Coningsby; 11, 23 na 25 Leeming; 43 na 111 Leuchars. Kazi yao ilikuwa kuruka mbali juu ya Bahari ya Kaskazini na kuwasubiri washambuliaji wa Kisovieti.

---

Kurunzi:

Kwenye F3 usisahau kisa cha saruji. Rada ya Foxhunter ilichelewa sana, kwa hiyo toleo la kwanza, F2, zilitoka kiwandani zikiwa na uzito bandia puani ili ndege isikose mizani. Waingereza wakiita rada zao majina ya rangi, Blue hivi na Blue vile, marubani wakaipa ile "rada" jina Blue Circle, ambalo ni jina la kampuni ya saruji.

Na kule Falkland kulikuwa na kikosi kidogo cha 1435, F3 nne tu, kuanzia 1992 hadi 2009. Ndege tatu ziliitwa Faith, Hope na Charity kukumbuka ndege za Gladiator za Malta wakati wa Vita ya Pili. Ya nne wakaiita Desperation.

---

Chuma Chakavu:

Mnaipamba sana hii ndege. 1991 ilionekana wazi. Waingereza walipoteza Tornado sita vitani ndani ya wiki chache, wengi wao kwa sababu ya ule upuuzi wa kupita juu ya uwanja na JP233. Peters na Nichol mliwaona kwenye televisheni ya Iraq wakiwa na nyuso zilizovimba. Mafunzo ya miaka kumi yakatupwa ndani ya wiki moja. Hapo sifa ya kikosi iko wapi?

---

Bawa Refu:

@Chuma Chakavu sita vitani ni kweli, na mabadiliko ya mbinu ni kweli. Ila hilo la JP233 limerudiwa mpaka limekuwa kama aya. John Peters na John Nichol wa kikosi cha XV walitunguliwa 17 Januari 1991 wakiwa na bomu za kawaida za pauni 1,000. Hawakuwa na JP233 kabisa. Ukizipitia zile sita mojamoja utakuta nyingi zilianguka kwenye kazi za aina nyingine. JP233 iliachwa kwa sababu mbili: kuruka chini juu ya mizinga ya Iraq kulikuwa hatari kwa kila silaha, na ndege za Iraq zilikuwa haziruki sana, hivyo kutoboa njia zao hakukuwa na maana tena.

Ulichogusa chenye uzito ni hiki: walipopanda juu, futi 20,000 na kuendelea, bomu za kawaida zikawa hazilengi. Tornado hazikuwa na leza ya kuongozea. Ikabidi waziite Buccaneer kutoka Lossiemouth, ndege kuukuu iliyokuwa inangoja kustaafu, zije ziwamulikie shabaha. Ndege ya kazi nyingi imeombewa taa na mzee. Baadaye vikaja vifaa vya TIALD vya kumulika shabaha kwa leza, viwili tu, vikiwa bado vya majaribio, na vikafanya kazi nzuri kutoka Tabuk.

Hapo ndipo nadharia ya "kikosi kimoja kazi moja" ilipopata ufa. Vikosi viligawanywa na kuchanganywa: Muharraq, Tabuk na Dhahran kila moja ilikuwa na watu kutoka vikosi kadhaa. Rubani wa 27 anaruka na wa XV, ndege ya 16 inabeba watu wa 20.

---

Mwewe wa Usiku:

Na Waitaliano usiwaruke mkuu. Usiku wao wa kwanza ni filamu.

Walikuwa Al Dhafra, Falme za Kiarabu, wametoka Stormo tofauti. Tornado nane zilipangwa usiku wa 17 kuamkia 18 Januari 1991. Moja ikapata hitilafu. Saba zikafika kwenye ndege ya mafuta, hali ya hewa mbaya, mkia wa bomba unarukaruka gizani, na sita zikashindwa kuchomeka. Moja ikafanikiwa, ya Gianmarco Bellini na Maurizio Cocciolone. Wakaamua kuendelea peke yao. Ndege moja dhidi ya ulinzi uliokuwa umeshaamka. Wakatunguliwa, wakakamatwa, wakarudi nyumbani wazima vita ilipoisha.

Unaweza kuita ujasiri, unaweza kuita vingine. Mimi naona kamanda wa msafara alitakiwa kuwa na idadi ya chini ya ndege ambayo isipofikiwa, wanageuka wote.

---

Nanga:

Waitaliano wana jambo jingine la pekee. Kikosi chao cha kwanza kilikuwa Gruppo ya 154, Stormo ya 6 pale Ghedi, "Mashetani Wekundu", kisha 156 Gioia del Colle. Ila 1995 wakaishiwa ndege za ulinzi wa anga, Starfighter zimezeeka na Typhoon (ndiyo Eurofighter) haijafika. Wakakodi F3 24 kwa Waingereza. Gruppo ya 12 Gioia del Colle na ya 21 Cameri zikaruka nazo hadi 2004. Ni taifa pekee mbali na Uingereza na Saudia lililotumia toleo hilo.

---

Swali Moja:

Saudia je? Nimeona zimetajwa mara moja tu.

---

Bawa Refu:

Saudia ilisaini mkataba wa Al Yamamah na Uingereza 1985: Tornado 48 za mashambulizi na 24 za ulinzi wa anga, na 1993 wakaongeza 48 nyingine za mashambulizi. Kikosi chao cha 7 Dhahran kilikuwa cha kwanza, na kikosi cha 29 kikapokea zile za ulinzi wa anga 1989. Walipigana 1991 bega kwa bega na Waingereza, na miaka ya karibuni Yemen. Zile za ulinzi wa anga waliziacha 2006. Hawaandiki mengi kuhusu maisha ya vikosini, ndiyo maana kwenye nyuzi kama hizi wanapitwa haraka.

Turudi kwa Waingereza tumalizie. Toleo la GR4 lilianza kuingia 1998, ndege 142 zikafanyiwa ukarabati. Kufikia hapo mambo yakabadilika kweli. Kasha la kamera la RAPTOR linafungwa chini ya ndege yoyote, kwa hiyo hakuna tena haja ya kikosi maalumu cha picha. Kombora la Brimstone kwa vifaru, kombora la Storm Shadow kwa shabaha za mbali, bomu za Paveway kwa kila siku. Asubuhi kikosi kinapiga picha, jioni kinalinda askari wa ardhini. Jina la 1969 limepata haki yake karibu miaka 30 baadaye.

Mwaka 2003, vita ya Iraq, kikosi cha 617 kilikuwa cha kwanza kurusha Storm Shadow vitani. Ndani ya vita hiyohiyo, 23 Machi, ndege ya kikosi cha IX ikirudi Kuwait ilipigwa na kombora la Patriot la Wamarekani, washirika wao wenyewe. Wote wawili waliokuwemo walikufa. Mfumo wa kuitambulisha ndege kuwa ya upande wetu haukufanya kazi, na rada ya Patriot ikaisoma kama kombora linaloshuka.

Machi 2011, Libya, Tornado ziliondoka Marham zikiwa na Storm Shadow, zikapiga, zikarudi Marham. Kama maili 3,000 kwenda na kurudi, na kujaza mafuta angani mara kadhaa. Zilipotua, ukutani mwa mkia kulikuwa na masizi yaleyale meusi ambayo kila Tornado iliyotumika inayo: vibao viwili nyuma ya injini hufunga na kurudisha moshi mbele ili kuisimamisha ndege, na moshi unapaka mkia. Picha ya Tornado yenye mkia msafi ina maana imetoka kupakwa rangi.

---

Chuma Chakavu:

Sawa, hilo la JP233 nitalifuatilia. Ila bado nasema F3 haikuwahi kutungua chochote.

---

Kurunzi:

Na washambuliaji waliokuwa wakipiga kona juu ya Bahari ya Kaskazini nao hawakuwahi kupita. Hiyo ndiyo kazi ya ulinzi, mkuu.

Kwa wapenda visa vya vikosi: IX na 617 wana ugomvi wa tangu 1944. Lancaster za vikosi vyote viwili zilizamisha Tirpitz tarehe 12 Novemba mwaka huo kule Tromsø, na kila kimoja kinadai bomu lililoimaliza lilikuwa lake. Baada ya vita Wanorwei walitoa kipande cha ukuta wa chuma wa ndani ya meli kama zawadi. Kwa miaka mingi vikosi hivyo viliibiana hicho chuma, usiku, kwa magari na winchi, wakiwemo watu waliokuwa wanarusha Tornado. Kilikuja kuwekwa makumbusho ili amani ipatikane.

---

Swali Moja:

Hahaha, watu wazima hao. Sasa nani bado anairusha?

---

Mwewe wa Usiku:

Uingereza ilifunga 2019. Vya mwisho vilikuwa IX na 31 pale Marham. IX ilihamia Typhoon Lossiemouth bila kukaa sana, 617 ilishapokea F-35B, 12 ilipewa Typhoon ikaruka pamoja na Waqatari, na 31 imefufuliwa Waddington na ndege isiyo na rubani, Protector. F3 zilikuwa zimekwisha Machi 2011 na kikosi cha 111.

Ujerumani zimebaki kambi mbili, Büchel na Jagel. Mwaka 2022 waliamua kununua F-35A 35, na hizo ni za Büchel kwa ajili ya lile jukumu la B61. Kazi ya kuua rada itaenda kwa Eurofighter maalumu. Italia bado iko Ghedi ikihamia F-35 polepole, na Saudia bado wanazo.

---

Bawa Refu:

Na ukitazama vizuri, Ujerumani inairithisha Tornado kwa ndege mbili: moja inachukua nyuklia, nyingine inachukua rada. Mwenye orodha ya namba za ubavu za MFG 2 aitupie hapa, nazitafuta kwa ajili ya uzi wa wanamaji.